Jibu: Kutambua sanamu halisi ya dubu wa Wainuiti

Ndugu, umeuliza utajuaje kama sanamu yako ya dubu mweupe anayecheza kwa mguu mmoja imechongwa na Wainuiti, yaani wenyeji wa maeneo ya baridi kali ya kaskazini, au imetoka kiwandani. Ipindue kwanza: wachongaji wengi wa Kinngait, huko Nunavut nchini Kanada, huchonga majina yao upande wa chini kwa herufi za silabi, ambazo baadhi yake hufanana na pembetatu na ndoano. Jiwe lenyewe, mara nyingi sepentini ya kijani, huwa zito na baridi kiganjani, ilhali plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu hupata joto upesi na pengine huonyesha mshono. Lebo yenye picha ya iglo (nyumba ya theluji), iliyoanzishwa na serikali ya Kanada mwaka 1958, husaidia pia, ingawa mimi huamini uzito kuliko karatasi, kwa kuwa lebo huhamishika kirahisi.