Kabla hujameza majira, pima presha

Juzi binti wa kidato cha tano kaniandikia inboksi. Kapewa vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba, duka la dawa ili chunusi ziishe, na tangu aanze kichwa kinamgonga, tena kabla hakijaanza anaona vimulimuli machoni. Nikamwambia aviache siku hiyohiyo na aende kituo cha afya. Kipandauso cha namna hiyo na vidonge vyenye estrojeni (kichocheo cha kike) havikai nyumba moja, vinakaribisha kiharusi.

Mimi nilikuwa na miaka 18, hedhi inaniliza. Muuzaji akanipa pakiti ya vidonge 28, saba vya mwisho rangi ya kahawia. Presha hakunipima, hakuuliza hata kama kwetu kuna mtu damu iliwahi kumganda. Baada ya miezi michache kigimbi cha kushoto kikavimba, soksi ikivuliwa inaacha mfereji. Shangazi akanikanda kwa mafuta ya nazi (msikande jamani, bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu!). Nilipoanza kuhema kwa kupanda ngazi tu, ndipo tukaenda hospitali. Nesi akaniuliza mbele ya foleni nzima nina wanaume wangapi. Miaka imepita, sauti yake naisikia bado. Utrasaundi ikaonyesha damu imeganda mguuni. Nikachomwa sindano za tumboni, kisha vidonge kwa miezi.

Sasa msikimbie vidonge vyote. Kwa wanawake 10,000 wasiotumia na wasio wajawazito, kwa mwaka damu huwaganda 1 hadi 5. Wanaotumia vya vichocheo viwili, estrojeni ikiwa kimojawapo, ni 3 hadi 9. Wajawazito ni 5 hadi 20. Kwa hiyo mimba yenyewe ina hatari kubwa zaidi, na umri mdogo peke yake si kizuizi. Kinachoponza ni estrojeni kukutana na presha, sigara, kipandauso cha vimulimuli, au valvu za moyo zilizoharibika, na huku kwetu mabinti wengi valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni bila wao kujua. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kuangalia zaidi.

Kwa hiyo pima presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, omba njia isiyo na estrojeni: kijiti, kitanzi, au vidonge vya kichocheo kimoja. Na kabla ya yote, pima presha. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikabana, pumzi ikakata, usisubiri kesho.

Wazazi, mtoto akiogopa kuwaambia anameza nini, atawaambia nini mguu ukivimba? Mnaona aibu ya majirani kuliko uhai wa binti yenu. Na nyie mtakaokuja kuandika hapo chini kwamba nafundisha uhuni: nilikuwa naumwa tumbo la hedhi, basi.