Je, ini lililokatwa "huota tena"?

Swali: Katika makala yangu ya afya, mhariri amefuta "ini lililokatwa huota tena" na "seli za ini zilizojeruhiwa na dawa". Kuna kosa gani?

Jibu: Kote kuwili mhariri ana hoja, ingawa la kwanza ndilo zito.

Kinachoota huchomoza pale kilipokatika, kama mkia wa mjusi. Ini halifanyi hivyo. Mtu akimpa mgonjwa upande wa kulia wa ini lake, takriban asilimia 60, kipande kile hakirudi mahali pake. Upande uliobaki ndio unaokua, kwa kasi zaidi wiki za mwanzo, hadi ini likaribie uzito wake wa awali. Basi andika: "sehemu iliyobaki hukua na kufidia iliyoondolewa." "Ini hujijenga upya" inavumilika kwenye kichwa cha habari, ndani ya makala haielezi kitu.

Ukuaji wenyewe ni wa seli kutanuka na kuongezeka. Kwa kawaida seli za ini hutulia. Hupokea ishara za kemikali, nyingine zikitoka kwa seli za kinga zinazoishi humo humo ndani ya ini, ndipo zianze kugawanyika. Sema "hugawanyika" au "hujigawa". "Hugawanywa" inamtaka mtu wa kuzigawa.

Kujeruhiwa kunafaa kwa kisu, risasi au ajali ya gari. Kwa pombe, virusi au dawa, tumia "kudhurika", na zikifa sema zimekufa. Parasetamoli ikizidi kipimo, sehemu yake hugeuzwa kuwa sumu na seli za ini zenyewe. Akiba ya glutathioni, kemikali ya mwili inayoizima sumu hiyo, ikiisha, seli hufa. Hapo hakuna jeraha la kushona.

Madhara yakiendelea kwa miaka, hali hubadilika: seli zinazohifadhi vitamini A huacha kazi hiyo na kuanza kumwaga kolajeni, protini yenye nyuzi ngumu. Hilo ni kovu, na neno "kovu" latosha kabisa. Usiandike "ini limeoza", hata kama mtaani ndivyo wasemavyo kuhusu walevi. Ini la namna hiyo huwa gumu, lenye vinundu, na mara nyingi husinyaa.

Halafu ni "ini lake", si "ini yake". Wingi, maini, waachie wenye bucha na waliokatwa maini kwa maneno.