Maswali na majibu: Parkinson, kusahau na kipimo cha EEG

Babangu ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, mwaka wa sita. Siku hizi anapotea akitoka steji kuja nyumbani. Daktari ameagiza EEG. Inatafuta nini? (Msomaji, Kayole)

Inasoma umeme hafifu ambao ubongo wenyewe hutoa, kupitia elektrodi (visahani vidogo vya kunasa umeme) 19 au zaidi zinazobandikwa kichwani. Haidungi wala haipitishi umeme wowote kwa mgonjwa. Mtu mzima aliye macho, akifumba macho, sehemu ya kisogoni hutoa wimbi la alfa, mapigo 8 hadi 13 kwa sekunde. Kwa mgonjwa wa Parkinson ambaye fikra zimeanza kuzorota, wimbi hilo hupunguza mwendo, pengine kutoka 9 hadi 7, na mawimbi ya theta (4 hadi 8) yanaongezeka. Wenye mawimbi ya polepole namna hiyo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya dimenshia (kupotewa na kumbukumbu na fikra) miaka inayofuata. Ila ni hatari tu, si hukumu. EEG haithibitishi Parkinson, na Alzheimer (ugonjwa mwingine wa kusahau), ini au figo zilizochoka na hata dawa huweza kuleta picha kama hiyo.

Mama amesuka juzi tu. Lazima afumue? Na apunguze usingizi usiku wa kuamkia kipimo kama kikaratasi cha maagizo kinavyosema? (Umoja)

Afumue, na nywele za bandia zitolewe. Fundi hupima kichwa kwa utepe na kuweka kila elektrodi kwa asilimia 10 au 20 ya umbali huo wa kichwa. Akilazimika kukwepa mistari ya nywele, upande mmoja hautalingana na mwingine. Nywele zioshwe kwa shampuu usiku wa kuamkia kipimo, bila mafuta wala jeli, kwani mafuta huzuia umeme usifike kwenye elektrodi.

Kuhusu usingizi, muulize daktari kwanza. Maagizo ya kukesha kwa kawaida ni ya wanaochunguzwa kifafa. Hapa kukesha kunaharibu: mtu akisinzia, alfa hutoweka na theta hujaa, ikafanana kabisa na kile tunachokitafuta. Mama aliyeamshwa saa kumi alfajiri kuwahi matatu kutoka Kitengela hufika akiwa nusu usingizini. Omba nafasi ya saa nne, na mkumbushe fundi amwamshe kila akisinzia.

Mkono wake unatetemeka sana. Hautavuruga majibu?

Unaweza, na vibaya. Mtetemo wa Parkinson hupiga mara 4 hadi 6 kwa sekunde, yaani ndani ya eneo lile lile la theta. Mtetemo huo ukitikisa kichwa au nyaya, kompyuta itahesabu mkono ikidhani ni ubongo. Dawa zake anywe kwa saa zake za kawaida, na saa ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye fomu. Mkono uegemezwe juu ya mto wa kulalia, taya lilegezwe. Fundi makini huweka elektrodi ya ziada mkononi: mapigo ya mkono yakienda sambamba na ya kichwani, hayo si ya ubongo.

Ripoti imesema "mawimbi ya polepole". Tufanye nini sasa? (Kasarani)

Beba dawa zote kliniki, pamoja na za dukani. Benzhexol, inayotolewa sana kwa kutetemeka, hufifisha kumbukumbu za wazee. Vilevile tembe za usingizi na baadhi ya za mafua. Usizikatize ghafla, daktari ndiye wa kuzipunguza. Vipimo vya vitamini B12, tezi ya shingo na mkojo vifanywe. Halafu MoCA, mtihani wa kumbukumbu na fikra wa alama 30, kwa lugha anayoimudu. Chini ya 26 huhitaji uchunguzi zaidi, na aliyesoma miaka 12 au chini huongezewa alama 1. Ikithibitika ni dimenshia ya Parkinson, dawa iitwayo rivastigmine husaidia baadhi.

Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili, hiyo ni dharura: mara nyingi ni maambukizi au upungufu wa maji. Huko hospitalini sema mapema ana Parkinson, asije akatulizwa kwa haloperidol, maana itamkakamaza.

EEG irudiwe kila miezi mitatu?

Hapana. Pesa hiyo itumieni kwa kliniki ya macho na masikio. Asiyesikia swali huonekana amesahau jibu.