Ukienda Tanna kwa tanga, anza na upepo

Usiku wa nne tangu tuiache Fiji niliamshwa kushika zamu. Mbele yetu, chini ya mawingu, wekundu ulikuwa ukiwaka na kufifia, ukiwaka na kufifia. Ilikuwa Yasur, volkano ya kisiwa cha Tanna, Vanuatu. Mwanga huohuo ndio uliomvuta James Cook mwaka 1774, akatia nanga kwenye ghuba aliyoiita Port Resolution kwa jina la meli yake. Nasi tulitia nanga hapohapo.

Nenda kati ya Mei na Oktoba, nje ya msimu wa vimbunga. Pima kina unapoingia: matetemeko ya 1878 yaliinua sakafu ya ghuba, maji yakapungua.

Lakini kubwa kuliko yote ni upepo. Ukivuma kutoka kusini-mashariki kama kawaida, majivu huchukuliwa mbali na ghuba. Sisi usiku wa pili ulilegea, ukageuka. Kulipokucha sitaha nzima ilikuwa nyeusi. Nikashika kitambaa kikavu nikaanza kufuta dirisha la chumba cha chini, nikasikia linakwaruza kama msasa. Lile dirisha halikurudi kuwa safi tena. Majivu ya volkano si vumbi la barabarani. Ni punje za mwamba na kioo. Mwagia maji ndoo baada ya ndoo, yateremke yenyewe, ndipo uguse kitu. Funika matanga mapema, suuza kamba kabla hazijapita kwenye kapi, na usikinge maji ya mvua siku hiyo.

Mlimani, mita 361 tu, ulizia kwanza kiwango cha tahadhari, kisha panda na mwongozaji wa kijijini. Simama joshini, upande upepo unakotoka, moshi ukuache. Jiwe la moto likirushwa usigeuke kukimbia, hata miguu ikitaka. Litazame juu, ujue linaangukia wapi, ndipo usogee. Nililiona moja likitua, jekundu, likapoa taratibu mpaka likawa jeusi.

Beba pia ndoana na kamba za kubadilishana na wenyeji. Mzee mmoja alituletea mapapai kwa mtumbwi wenye tengo moja, ule mti wa ubavuni unaouzuia usipinduke. Nikamchorea ngalawa ya kwetu, yenye matengo mawili. Akaitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya tengo la pili, akacheka, kisha akaomba ile karatasi aende nayo.