Kichwa kimoja, wenyewe sita: jibu kwa anayetaka kufungua saluni ya watoto

Mkuu uliyeuliza juzi: una milioni 2 na nusu, umeona fremu Tabata jirani na shule ya msingi, unataka kuweka saluni ya kunyoa watoto peke yao, unauliza kama inalipa. Nina miaka 9 kwenye mashine, na hii mitano ya mwisho watoto ndio wamenijazia kiti, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Wasiopenda marefu waruke.

Waliotangulia kukujibu wamekupigia hesabu ya vichwa: watoto 20 kwa siku, mara 1,500, mara siku 30, unaondoka na laki 9. Hesabu tamu, hata mimi niliipiga. Tatizo mtoto hanyolewi kwa kalenda hiyo. Mtoto ananyolewa shule zikifungua, ananyolewa sikukuu, na ananyolewa siku mwalimu wa zamu amemrudisha nyumbani. Basi. Wiki ile ya Januari kabla ya kufungua shule nanyoa mpaka saa 5 usiku, wavulana kwa wasichana, nikienda kula mkono bado unatetemeka kama nimeshika mashine. Sikukuu ya Iddi na Krismasi vivyo hivyo. Halafu inakuja Jumanne moja ya mwezi wa pili umekaa mlangoni unahesabu bodaboda, na mwenye fremu anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo.

Kwa hiyo "watoto peke yao" hiyo iondoe. Weka viti viwili. Baba akimleta mwanae akakuta kiti cha pili kiko wazi, atajiangalia kwenye kioo, atajishika kidevu, atakaa. Huyo ndiye analipa umeme.

Vifaa nitapita haraka. Kiti cha mtoto cha mfano wa gari ni pambo, mimi natumia ubao uliolazwa juu ya mikono ya kiti cha kawaida, nimeuvika sponji na plastiki, seremala alinitoza 8,000. Mashine ziwe tatu, na moja lazima iwe ya kuchaji. Hili nilijifunza Jumapili moja saa 1 jioni, kesho yake shule. Nimemaliza upande wa kulia wa kichwa cha kijana wa darasa la pili, umeme ukakatika. Ya kuchaji ninayo, ila nilisahau kuichaji. Tulisubiri saa nzima. Baba yake akanimulikia tochi ya simu nikamalizia kwa mkasi na kitana, kazi ikatoka kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Sasa hivi yuko sekondari na mtaa mzima bado unamwita Nusu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanashindwa, na si kwa sababu hawajui kunyoa. Mtu mzima akikaa kwenye kiti, kichwa ni chake. Mtoto akikaa, kichwa kina wenyewe sita: mama, baba, bibi, mjomba, mwalimu, na yeye mwenyewe, ambaye ameshaonyesha kidole kwenye bango la mitindo anataka namba 14, kiduku chenye mistari miwili ubavuni. Wewe unalipwa na mmoja, unalaumiwa na watano.

Nikupe mfano mmoja. Alikuja mama na mtoto wa kama miaka mitano, wameongozana na bibi mzaa baba. Nimeshamvika mtoto shuka, mama akasogea akaninong'oneza, "Fundi, huku nyuma acha nyingi kidogo, zifunike." Bibi alikuwa kwenye benchi anajipepea, lakini masikio yake hayazeeki.

"Zifunike nini?"

"Hamna kitu mama."

"Kichogo hicho ni cha babu yake. Marehemu alikuwa nacho, kofia zote zilikuwa zinamkaa upande, na wanawake wa Korogwe tulimgombania nao. Kinyozi, mnyoe mume wangu kichogo kionekane!"

Mama akampigia simu baba mtoto, akaweka sauti ya nje ili apate msaada. Baba yuko kazini, kelele kibao, anajibu neno moja: "Upara." Mama akaruka, "Upara na komwe hilo?" Bibi akauliza taratibu, kama hana haja na jibu, "Komwe la nani?"

Mtoto akajibu kutoka kwenye ubao, "La mama."

Wakuu, saluni ilikufa. Kuna mzee alikuwa amepakwa sabuni ya ndevu, alicheka mpaka sabuni ikamwingia mdomoni. Mama mwenyewe alicheka, ila niliona mkono unaushusha mtandio usoni. Nilimnyoa mtoto chini kiasi, nyuma nikaacha nywele kidogo, bibi nikamwambia kichogo kinaonekana, mama nikamwambia kimefichika. Wote waliondoka wameridhika. Tangu siku hiyo kabla sijawasha mashine nauliza kwa sauti, "Mwenye neno la mwisho hapa ni nani?" na sianzi mpaka nipate jina moja.

Ukikaa muda utaanza kuzisoma familia kwa nyuma ya kichwa. Nina baba na wanawe watatu, ukiwapanga wamegeuka, huwezi kujua yupi ni yupi ila kwa urefu: vichogo vile vile, na nywele za shingoni zinaota kuelekea sikio la kushoto wote wanne. Nina mama mwenye nywele za singa amezaa watoto wenye kipilipili kama cha baba yao, kila mwezi ananiuliza kama "zimeanza kulainika". Namjibu bado, tuvute subira. Nina baba mwenye uwaraza mpaka utosini ambaye ndiye mkali kuliko wote kuhusu mstari wa mbele wa mwanae. Anasimama begani kwangu anasema, "Usiurudishe nyuma, usiurudishe nyuma." Namwelewa.

Kuna na wale wanaoletwa wamevaa kofia ya sufu mchana wa Februari, jua la Dar linawaka. Hapo usiulize. Vua kofia taratibu. Utakuta mtu na dada yake wamenyoana wenyewe kwa mkasi wa kukatia khanga mama akiwa sokoni, au bigijii, ile ya kutafuna, imelala na mtoto na kuamka naye. Ya bigijii usikimbilie mashine: paka mafuta ya nazi, subiri dakika chache, vuta kwa vidole, inaachia. Mama wa msichana aliyesukwa jana hatakusahau.

Utani niuweke pembeni kidogo, maana hili limewahi kuniumiza. Mapunye. Mwaka wangu wa pili nilinyoa mtoto mwenye baka la duara juu ya sikio, nywele zimekatika, magamba meupe. Nikaona ni dogo, nikafuta mashine kwa kitambaa, nikaendelea na foleni. Baada ya wiki chache mama mmoja wa nyumba ya jirani akaja na wanawe watatu amewapanga mlangoni mbele ya wateja, kila mmoja na baka lake. Hakugomba. Alisema, "Nimekuletea mali yako." Uani kwao kulikuwa na kaya nne, nilizipoteza zote.

Tangu hapo, mtoto mwenye dalili hizo simnyoi. Namwita mzazi pembeni, siyo kwa kutangaza, namwambia aende hospitali, kwa sababu fangasi hao wanaingia mpaka kwenye nywele yenyewe chini ya ngozi na dawa ya kupaka peke yake haiwamalizi. Kwa kawaida atapewa ya kumeza, kwa wiki kadhaa. Na mashine, kila kichwa: brashi kwanza nywele zote zitoke, ndipo dawa. Ukimwagia spiriti juu ya uchafu umeuosha uchafu tu.

Watoto wachanga nao wana mambo yao. Mara nyingine utaitwa nyumbani kwa Waislamu kwenye akika, shughuli ya mtoto aliyezaliwa, siku ya saba, kumnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo. Nenda na wembe mpya uufungue mbele yao, nawa mikono, na utosi usiuguse kwa kukandamiza, pale katikati mfupa haujafunga, unafunga taratibu mpaka mwaka na nusu hivi. Nywele zinapimwa uzito ili itolewe sadaka yenye thamani ya madini ya fedha ya uzito huo. Mara moja walinituma nizipeleke kwa sonara mimi mwenyewe, hazikufika hata gramu 2. Babu wa mtoto alipoambiwa kiasi, akaona aibu, akatoa elfu 50 na kusema mjukuu wake hawezi kuwa mwepesi hivyo.

Kuhusu leseni na afisa afya, fuata taratibu, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni iwe mlangoni, utakuwa sawa.

Swali lako la mwisho uliuliza kama mkeo akae hapo awe anapokea hela. Akae, tena akae karibu na benchi la akina mama, ndiye atakayekuambia nani hakuridhika. Ila usitegemee kuonyesha kazi yako kwa vichwa vya wanao. Mimi ninao watatu na hakuna hata mmoja anayekubali nimshike. Wa mwisho akiona nimebeba mashine anajifungia chooni. Wananyolewa kwa mshindani wangu, mtaa wa pili, na kila mwisho wa mwezi napanga foleni pale na watoto wangu kama mteja yeyote. Bei ni 2,000 kwa kichwa. Hapunguzi.