Siku zangu zimekoma, na mimba sina

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, nauza dagaa hapa Kibirizi. Saa kumi alfajiri niko mwaloni nasubiri mitumbwi, kisha ni kuanika na kugeuza juani hadi jioni. Nina marejesho ya kikoba, kwa hiyo nakula mara moja tu, usiku. Nguo zote zinanipwaya. Huu mwezi wa tano sijaona siku zangu, na nimepima mimba, sina. Mawifi wanasema nimefungwa kizazi. Je, nitazaa?
Muuza dagaa, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa maneno hayo. Kilichonishtua katika barua yako ni hizo nguo kupwaya.

Kazi ikizidi chakula, mwili hubana matumizi. Moyo haucheleweshwi, ubongo haucheleweshwi, na mikono inayobeba ndoo lazima ipate chake. Uzazi ndio unaoambiwa usubiri. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoujulisha ubongo akiba ikoje. Taarifa ikiwa mbaya, ubongo hupunguza homoni za kuamsha ovari. Yai halipevuki, hedhi inakata. Wala si lazima ukonde kwanza: siku 5 tu za kula pungufu sana zinatosha kuvuruga homoni hizo. Hata mwenye mwili wake yanaweza kumkuta.

Kutwa unashika dagaa, mwanangu, na huli! Kabla ya kwenda mwaloni kunywa uji wa karanga, au ubebe kwenye chupa ya chai. Mchana kula ugali wa muhogo na dagaa wako mwenyewe, waliokaangwa kwa mawese. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori kama 120, na mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga kwa uzito uleule. Kikoba ongea nao wakupunguzie rejesho. Nimeona wanawake wengi wakiona aibu kuomba hilo.

Ila usiishie jikoni. Miezi mitatu bila hedhi inatosha kwenda hospitali, nawe umeshapita. Wakupime mimba tena, wapime tezi ya shingo na homoni ya maziwa, maana nazo hukata siku. Waeleze unavyokula na saa unazoamka, hata wasipouliza. Ukianza kushiba, siku hurudi taratibu, pengine baada ya miezi kadhaa. Yai la kwanza hutangulia damu, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla hujaona chochote.