Breki Zikibana, Lipime Gari Likiwa Bado la Moto

Nilinunua breki pedi mara mbili ndani ya miezi minne kabla sijajua kwamba pedi hazikuwa na kosa.

Ilianzia barabara ya Morogoro. Nakaribia Chalinze, nasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikalisingizia lori lililokuwa mbele yangu. Niliposimama kununua maji, ringi ya mbele kushoto ilikuwa haisogelewi kwa mkono, ya kulia vuguvugu tu. Kesho yake asubuhi fundi akapiga jeki, akazungusha tairi, likazunguka vizuri. "Hii nzima, bosi. Tubadili pedi tu." Tukabadili. Baada ya wiki tatu harufu ikarudi.

Kosa letu lilikuwa kupima gari limepoa. Breki nyingine hubana zikishapata moto, usiku zinajiachia zenyewe. Kwa hiyo endesha kama dakika 20, simama mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi, piga jeki hapohapo. Pedi kukwaruza diski kidogo ni kawaida. Tairi kugoma kuzunguka kwa mkono, hapana. Na usimwagie diski maji ili ipoe; inaweza kupinda, hata kupasuka.

Likigoma, legeza kinati cha kutolea upepo kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski (chunga macho, oili ya breki ni ya moto). Tairi likiachia, kuna presha imenasa. Likibaki limegoma, pistoni inayosukuma pedi au pini za kalipa zimeshika kutu: fungua, safisha au badili.

Langu liliachia. Fundi wa pili, mzee asiyependa maneno, akafunga kinati, akaniambia nikanyage breki. Tairi likabana tena. Safari hii akalegeza pale bomba la chuma linapoungana na hozi, bomba la mpira linalopeleka oili kwenye kalipa. Oili ikachuruzika, tairi halikuachia. Basi presha ilikuwa inashikiliwa na hozi yenyewe. Tulipoipasua, nje mpira mzima, ndani umevimba hadi tundu limebaki kama la sindano. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inapitisha oili; ukiachia, hakuna cha kuirudisha.

Kama yanabana matairi yote, usihangaike na kalipa. Angalia kama pedali ina uchezaji kidogo kabla ya kusukuma masta silinda (pampu ya oili ya breki), na uliza nani aliongeza oili mara ya mwisho. Oili ya injini ikiingia kwenye breki, mipira yote huvimba.

Nilibadili hozi zote mbili za mbele. Pedi za kulia tulizotoa mwanzoni bado zimo kwenye buti, nene kama za dukani.